Mafuta hayatoki kwa blowa: kuosha hitisinki na feni ya kompyuta iliyoganda mafuta

Kompyuta inayokaa karibu na karai la mafuta haichafuki kama kompyuta ya ofisini. Ya ofisini ukiifungua utakuta vumbi kavu la kijivu. Unalipuliza, unafunga, kazi imekwisha. Ile ya mtaa wa Obunga hapa Kisumu, ambako mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa) hukaangwa kutwa, au ya saiba, yaani duka la intaneti, iliyopakana na kibanda cha chipsi kule Kondele, ina uchafu wa namna nyingine kabisa: utando wa kahawia unaonata kidoleni, ambao umekamata vumbi, nywele, masizi na mabawa ya wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani usiku na kufuata taa. Blowa haiutoi utando huo. Inaondoa vumbi la juu tu, na lililobaki inalisukuma ndani zaidi. Mashine inaonekana safi, mwenyewe analipa, kisha haipiti muda inaanza tena kuzima katikati ya kazi.

Jambo hili linanigusa kwa sababu saiba ya mtaani ndiyo ofisi ya watu wengi. Hapo ndipo mwanafunzi anajaza fomu ya HELB ya mkopo wa masomo, mzazi anatafuta cheti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mfanyabiashara mdogo anawasilisha ritani za kodi za KRA siku ya mwisho. Mashine ikizima saa hiyo, hasara si ya mwenye saiba peke yake. Na mara nyingi kinachotakiwa ni sabuni, maji ya uvuguvugu, pesti kidogo (ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipoza) na subira ya nusu siku.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kuosha, si wa kupuliza. Tutaosha hitisinki, yaani chuma kinachopoza prosesa (chipu kuu ya kompyuta), na feni iliyo juu yake.

Kwanza, tambua kinachonata

Usishike chupa yoyote kabla hujajua uchafu ulio nao, maana dawa ya mafuta si dawa ya sukari. Gusa utando kwa kijiti cha pamba, uutazame na uunuse.

Ukiwa wa rangi ya kahawia au manjano na una harufu ya mafuta ya jana, hayo ni mafuta ya kupikia. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na alkoholi vitayatoa.

Ukikuta matone yaliyokauka, yanayong'aa, upande mmoja tu wa feni au chini ya tundu la hewa, hapo pengine kulimwagika soda au chai. Sukari haiyeyuki vizuri kwenye alkoholi. Utasugua kwa spiriti hadi uchoke na bado itanata. Tumia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kidogo, kisha ndipo upitishe alkoholi kukausha.

Kuna pia mafuta meupe, mepesi, yanayoonekana kuzunguka vile vipande laini vya mpira vinavyowekwa kati ya chipu na chuma cha kupozea, hasa ndani ya laptopu na kadi za michoro. Hayo hayakutoka jikoni. Ni mafuta ya silikoni yanayojitoa kwenye kipande chenyewe kadiri kinavyopata joto miaka na mikaka. Hayapitishi umeme, kwa hiyo usishtuke; yafute tu kwa alkoholi. Ila kipande kikishakuwa kikavu na kinakatikakatika, kibadilishe kwa kingine chenye unene uleule. Kikiwa kinene kupita kile cha kwanza, chuma kitainuka na prosesa haitakigusa sawasawa.

Mashine yako ikiwa inapozwa kwa maji na unaona unyevu unaonata kwenye mipira au karibu na pampu, acha kila kitu. Huo ni uvujaji. Chomoa umeme na usiiwashe tena hadi chombo hicho kibadilishwe. Vilevile ukifungua kifaa ukakuta kimiminika kinachong'aa kama fedha juu ya chipu, usikiguse wala kukifuta. Baadhi ya laptopu na mashine za michezo kama PlayStation 5 hutumia chuma cha majimaji badala ya pesti, nacho hula alumini na hupitisha umeme.

Kwa nini mafuta hugeuka gundi

Mvuke wa karai hubeba chembe ndogo mno za mafuta. Feni huzivuta pamoja na hewa, nazo hutua kwenye mapezi ya hitisinki, yaani vile vibapa vyembamba vya alumini vilivyopangwa juu ya prosesa. Pale pana joto na upepo usiokoma. Mafuta ya kupikia yakikutana na joto na hewa kwa muda mrefu hushikana na kuwa mazito, mwisho yanakuwa ngozi ngumu, ileile unayoiona nje ya sufuria ya zamani. Ndiyo maana utando wa wiki chache hutoka kwa kufuta, lakini wa mwaka unahitaji kulowekwa.

Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mafuta, kwa hiyo utando wenyewe ni kizuizi. Lakini madhara makubwa hutokana na kile utando unachokikamata. Nafasi kati ya pezi na pezi huwa ya milimita moja au mbili tu. Vumbi likinata kila upande, nafasi inajaa, hewa haipiti tena, na feni inazunguka kwa kelele bila faida. Joto likikaribia nyuzi 100, ambazo kwa prosesa nyingi za Intel ndizo kikomo, prosesa hujipunguzia kasi. Likizidi, mashine hujizima ili isiungue. Mteja akisema, "Fundi, hii mashine iko na virusi, inakaa polepole halafu inazima," mwulize kwanza, "Mama, unaiweka upande gani wa jiko?"

Vifaa, na vile vya kuepuka

Tafuta bisibisi ya nyota na ya bapa, brashi laini ya rangi, mswaki mpya wenye nywele laini, vijiti vya pamba, fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa, beseni, sabuni ya maji ya vyombo, alkoholi ya isopropili na pesti mpya ya prosesa. Alkoholi nzuri ni ile ya asilimia 90 kwenda juu. Ukikosa, ya asilimia 70 itafaa, ila ipe muda zaidi wa kukauka kwa sababu ina maji mengi.

Kwenye kemisti utapewa haraka spiriti ya kusafishia vidonda. Soma lebo kabla hujanunua. Baadhi yake huongezwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo hubaki kwenye chuma. Kwa mapezi utakayoyaosha kwa sabuni haina neno. Kwa uso wa prosesa, pale pesti itakapokaa, usiitumie.

Sasa yale ya kuepuka, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa kuwa nyumba zetu zimejaa njia za kung'arisha sufuria. Waya wa kusugulia masufuria huacha nyuzi ndogo za chuma, na uzi mmoja ukiangukia bodi kuu ya kompyuta unaweza kuunganisha umeme pasipotakiwa. Jivu na mchanga hukwaruza. Soda kali ya kutengenezea sabuni, na dawa za kusafishia oveni zenye soda hiyo, huila alumini yenyewe. Utaona mapovu yanachemka na utadhani uchafu unatoka, kumbe ni chuma kinachoyeyuka na kutoa gesi ya hidrojeni. Dawa ya kufanya nguo ziwe nyeupe nayo hutoboa alumini. Thina na dawa ya kuondoa rangi ya kucha huyeyusha plastiki ya feni. Petroli usiiguse kabisa. Parafini, ambayo wengi huikimbilia, huacha utando wake wa mafuta, na vumbi la kesho litanatia hapohapo.

Alkoholi nayo huwaka. Fanya kazi mlangoni au nje, mbali na jiko na sigara.

Kung'oa hitisinki

Kabla ya kuzima, iache mashine ifanye kazi kwa dakika kumi hivi ili pesti iliyokauka ilainike. Kisha zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi umeme uliobaki uishe, na uguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Laptopu uichomoe na betri yake. Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote: waya wa feni umechomekwa wapi, na feni inatazama upande gani.

Chomoa waya wa feni kwenye bodi kwa kushika plagi yake, usivute nyaya. Hitisinki ya Intel inayokuja na prosesa hushikwa kwa miguu minne ya plastiki. Tia bisibisi bapa kwenye kichwa cha mguu, zungusha robo mzunguko kufuata mshale uliochorwa, kisha uvute juu. Fanya hivyo kwa yote minne.

Kwa mashine zenye prosesa za AMD, kampuni inayoshindana na Intel, na soketi (pale prosesa inapokaa) ya AM4, ambazo zimeenea tangu 2016, uwe mwangalifu zaidi. Prosesa zake zina pini upande wa chini, na pesti kavu ikiwa imeshika kwa nguvu, ukivuta hitisinki moja kwa moja juu itakuja na prosesa yenyewe ikiwa imenata, na pini zitapinda. Izungushe kidogo kushoto na kulia hadi uhisi imeachia, ndipo uinue. Ndiyo sababu ya zile dakika kumi za joto.

Kwenye laptopu, skrubu za hitisinki huwa zimeandikwa namba. Zilegeze kidogokidogo kuanzia namba kubwa kurudi kwa moja. Ukifunga, anza na moja.

Ukishaitoa, tenga feni na chuma. Nyingine hushikwa kwa skrubu nne, nyingine kwa vibanio vya plastiki. Usiruke hatua hii, kwa sababu chuma kitaingia majini na feni haitaingia.

Kuosha chuma

Kwanza futa pesti ya zamani chini ya hitisinki kwa fulana yenye alkoholi, usije ukaisambaza ndani ya beseni. Halafu pitisha brashi kavu kati ya mapezi, utoe tabaka la vumbi na wadudu waliokauka. Likitoka kama kipande cha kitambaa, livute lote kwa kibanio. Vumbi likibaki huko kisha likalowa, linakuwa tope.

Weka kwenye beseni maji ya moto kiasi cha kuoga na sabuni ya vyombo ya kutosha kufanya povu. Zamisha hitisinki. Utando mpya utahitaji dakika kumi na tano. Ule wa mwaka na zaidi, uache saa nzima na ubadilishe maji yakishapoa au kugeuka kahawia. Sabuni inafanya kazi polepole: inaingia chini ya mafuta, inayavunja kuwa matone na kuyabeba. Kusugua kwa nguvu hakuharakishi kitu, kunakunja mapezi tu.

Baada ya hapo sugua kwa mswaki, ukifuata mpangilio wa mapezi, kamwe si kwa kukata. Ndani ambako mswaki haufiki, kunja ukanda mwembamba wa kadibodi laini, uuloweshe sabuni, uupitishe katikati ya pezi na pezi. Pezi likipinda, linyooshe taratibu kwa ukucha au kadi ya zamani ya simu.

Mirija ya shaba inayopita katikati ya hitisinki kubwa na za laptopu usiikunje wala kuibana. Imefungwa pande zote na ndani ina kimiminika kidogo kinachogeuka mvuke upande wa joto na kurudi kuwa maji upande wa baridi. Ikitoboka au ikipondeka, haitibiki.

Sehemu iliyobaki ngumu baada ya sabuni, ambayo mara nyingi ni ile iliyo karibu na prosesa, ipake alkoholi kwa kijiti cha pamba, subiri dakika mbili, sugua, rudia. Kisha irudishe kwenye maji ya sabuni mara moja zaidi.

Suuza kwa maji yanayotiririka hadi yatoke bila povu na kidole kikipita kwenye pezi kisiteleze. Maji ya kisima yenye madini mengi, kama yanayopatikana sehemu nyingi za Nakuru, huacha alama nyeupe yakikauka, kwa hiyo malizia kwa maji ya betri kutoka kituo cha mafuta. Uliza yale maji safi ya kuongezea, usipewe asidi.

Kukausha ni hatua ya kuheshimu. Kung'uta chuma kwa nguvu, kipulize kwa blowa ya hewa baridi, kisha ukianike juani kikiwa kimesimama ili maji yateremke kati ya mapezi. Jua la mchana la Kisumu litakikausha kwa saa mbili au tatu. Msimu wa mvua, kiache mbele ya feni ya meza usiku kucha. Tone moja lililojificha likidondokea bodi yenye umeme linaweza kuua mashine.

Feni

Ndani ya feni kuna koili, kisensa kidogo na beringi yenye mafuta yake. Ukiilowesha, sabuni itayatoa mafuta hayo na maji yatabaki ndani. Kwa hiyo ishike mkononi na uifute pangaboi (vile vibapa vinavyozunguka) moja moja, pande zote mbili, kwa kijiti au kitambaa chenye alkoholi kidogo, kisicho na matone. Usisahau ukingo wa mbele wa kila pangaboi, kwa maana huko ndiko mafuta hujikusanya zaidi. Upande mmoja ukibaki mzito, feni itatetemeka na kuvuma.

Ukitumia blowa hapa, zuia pangaboi kwa kidole. Feni ikizungushwa na hewa kwa kasi isiyo yake, beringi huumia.

Sasa izungushe kwa kidole. Ikienda laini na kusimama taratibu, iko sawa. Ikikwaruza au kusimama ghafla, bandua kibandiko cha nyuma na utazame kama kuna kifuniko kidogo cha mpira. Kikiwepo, weka tone moja tu la mafuta ya cherehani, futa yaliyozidi, rudisha kifuniko na kibandiko. Usiweke mafuta ya kupikia, yatageuka gundi ileile uliyokuwa unaiondoa. Dawa ya kupuliza ya kulegeza skrubu zilizoshika kutu nayo haifai. Inaosha mafuta yaliyomo kisha inakauka. Feni iliyokwisha beringi mimi sipotezi muda nayo, nanunua nyingine.

Bodi na pawa saplai

Bodi iliyo karibu na feni mara nyingi ina ukungu wa mafuta. Hapa hakuna sabuni. Lowesha brashi laini kwa alkoholi, pitisha polepole, futa kwa pamba, na uache saa nzima ikauke.

Pawa saplai nayo huvuta mafuta, lakini usiifungue. Kapasita zilizo ndani, kwa umeme wetu wa volti 240, huweza kushikilia volti 340 hivi hata baada ya waya kuchomolewa. Safisha wavu wa nje tu kwa brashi. Ikiwa ndani imejaa, mpelekee fundi wa umeme wa kompyuta au ubadilishe.

Kurudisha na kupima

Futa uso wa prosesa na sehemu ya chini ya hitisinki kwa alkoholi mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa kipya, na usiguse tena kwa vidole. Jasho nalo ni mafuta. Weka pesti katikati ya prosesa, kiasi cha punje ya ndengu. Shusha hitisinki wima bila kuiburuta, kisha funga skrubu kwa kupishana pembe, kila moja kidogokidogo. Miguu ya Intel irudishe vichwa vyake mahali pake kwanza, ndipo uibonyeze hadi isikike, mmoja na ule ulio kinyume chake. Tazama nyuma ya bodi uhakikishe yote minne imetokeza. Mguu mmoja ukikosa kushika, kazi yote ya asubuhi ni bure.

Chomeka waya wa feni kabla ya umeme. Washa, ingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla kompyuta haijawaka kikamilifu, tazama joto na kasi ya feni. Likiwa linapanda mfululizo bila kutulia, zima na ukague jinsi hitisinki ilivyokaa. Likitulia, washa kompyuta kawaida na utumie programu ya kusoma joto kama HWMonitor. Mashine ikiwa imewashwa bila kazi, nyuzi 35 hadi 50 ni za kawaida kwa hali ya hewa yetu. Fungua video na kurasa nyingi kwa nusu saa; ikibaki chini ya 80, umefaulu.

Kisha fikiria mahali mashine inapokaa. Inyanyue kutoka sakafuni. Ipeleke ukuta ulio mbali na dirisha la jikoni, hata kama waya itabidi uongezwe. Usiifunike kwa kitambaa ikiwa inafanya kazi, ukidhani unaikinga na moshi; unaiziba pumzi. Kasha likiwa na wavu wa kuchuja vumbi, uoshe kwa sabuni kila mwezi na uurudishe ukiwa mkavu. Jirani wa karai afungue kasha kila baada ya miezi mitatu; wanaoishi karibu na mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil waongeze siku baada ya msimu wa kuchoma miwa, masizi yale yakikutana na mafuta hukaza upesi.

Andika tarehe na nyuzi za joto ulizosoma kwenye kipande cha tepu, uibandike upande wa ndani wa kifuniko. Ukisoma tena baadaye kwa kazi ileile na ukakuta imepanda kwa nyuzi kumi, toa beseni.